Bosi Anataka Niombe Radhi kwa Kusema Programu Ina Kosa

Mshauri, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimenuna, kwa hiyo uniwie radhi maneno yakitoka makali, lakini nina jambo limenikaa kooni na kila ninayemweleza nyumbani ananiambia nilimeze.

Kazi yangu ni kujaribu programu za simu kabla hazijafika kwa watu. Wenzangu wanaziandika, mimi natafuta zitakapokwama, na ili uifanye vizuri kazi hii lazima ukubali kuwa watu wengi ndani ya kichwa kimoja, leo uwe dereva mwenye haraka, kesho bibi asiyeona vizuri, keshokutwa mtu mwenye hasira anayebonyeza kila kitu mara mbili, na ukishamaliza kuwa wote hao unarudi kuwapa wenzako habari wasizotaka kuzisikia, ndiyo maana ofisini wananiita Bibi Bado, kwa sababu kila wakiniuliza "Tayari?" mimi nasema "Bado." Jina lenyewe silichukii.

Sasa tulitengeneza programu ya mabasi ya shule. Mtoto akipanda, dereva anabonyeza jina lake kwenye simu, akishuka anabonyeza tena, na mzazi anapata ujumbe kwamba mwanawe amefika. Aliyeiandika ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na sitamsema vibaya, kijana ana kichwa, mimi mwenyewe ndiye niliyempigia debe aajiriwe. Nikaijaribu huku na huku haina neno, mpaka nilipojifanya mama wa mapacha, nikawapandisha wote wawili, nikamshusha mmoja, na programu ikaniambia wote wamefika na basi ni tupu. Kumbe inawatambua watoto kwa namba ya simu ya mzazi! Mshauri, nilimwona kabisa yule wa pili amelala kiti cha nyuma, madirisha yamefungwa, jua linawaka, dereva kafunga mlango kaenda zake, na mama yake yuko kazini anasoma kwamba mtoto yupo nyumbani.

Nikamwambia shemeji. Akasema, "Shem, nitarekebisha tukishazindua." Nikamwambia bosi. Akacheka, "Kwani mapacha wako wangapi shule ile?" Nikamjibu si mapacha tu, ni kila mtoto na mdogo wake. Akasema wazazi wamealikwa, mwalimu mkuu amealikwa, niipitishe tu. Nikakataa.

Siku ya kuionyesha, ukumbi wa shule umejaa, bosi kashika kipaza sauti anatangaza kwamba programu imejaribiwa na haina kasoro hata moja, na mimi nimeketi mbele yake pale pale. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, "Mimi ndiye niliyeijaribu, na sijaipitisha. Pandisha ndugu wawili, ushushe mmoja." Baba mmoja akasema, "Haya, pandisha wangu wawili." Bosi hakuwa na pa kutokea, akabonyeza, na simu ya yule baba ikalia. Akausoma ujumbe kwa sauti: watoto wote wamefika. Kisha akauliza, "Na huyu aliyebaki?"

Basi uzinduzi ukaahirishwa, shemeji akarekebisha, nikaijaribu upya nikaipitisha, shule haikutukimbia, na sasa mabasi yanatembea nayo. Ungedhani yamekwisha. Wapi! Bosi anasema nilimvua nguo mbele za watu, kwa hiyo Jumatatu niombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, la sivyo atanihamishia dawati la kupokea simu za wateja. Shemeji hanisemeshi na ameacha kuja kula kwetu. Mama mkwe kanipigia, "Mwanangu, ulishindwa nini kufumba jicho moja? Yule ni damu yetu." Mume wangu naye, "Sema samahani yaishe." Nimejizoeza mbele ya kioo, neno halitoki. Nifanyeje? Ukiniambia niombe radhi nitalisoma jibu lako kwa heshima zote, ila siahidi kitu.

Bibi Bado

*

Bibi Bado, marahaba.

Neno halitoki kwa sababu si lako. Usilisukume.

Ulimwambia shemeji, ukamwambia bosi, tena faraghani, kwa adabu. Waliosubiri mpaka ukumbi ujae ni wao. Aliyemvua nguo bosi wako ni bosi wako mwenyewe, aliposema uongo kwenye kipaza sauti huku mwenye ukweli kaketi mbele yake. Na mama mkwe mwambie taratibu kwamba jicho alilotaka ulifumbe ndilo lililomwona yule mtoto.

Lakini usichekelee, sijamalizana nawe. Mumeo ulimweleza habari za bosi, au ulimweleza habari za kiti cha nyuma? Naona unarudi nyumbani na ugomvi, sababu unaiacha kazini. Mkalishe umweleze yote. Akirudia tena hiyo "yaishe" yake, hapo nuna, una haki.

Na shemeji je? Kijana amelirekebisha kosa lake huku ofisi nzima ikimtazama, nawe umeandika "akarekebisha", ukapita. Ulimwambia ahsante? Ninyi watu wa kujaribu mna ugonjwa huo: kibovu mnakitangaza, kizima mnakinyamazia. Usimsubiri aje kula kwako. Nenda kwake wewe, kabla ya Jumatatu. Usimwombe radhi kwa kusimama, hilo hapana. Mwambie kazi yake sasa imekaa vizuri, na kwamba ungesimama vile vile hata kama programu ingekuwa yako.

Jumatatu ukiitwa, simama useme: "Nilisema mapema, sikusikilizwa. Nikasema kwa sauti. Nikiona tena, nitasema tena." Kisha keti. Usilie, usifafanue.

Akikupeleka kupokea simu, nenda, tena uvae vizuri. Wazazi watapiga kuuliza kama programu ni salama. Wajibu kweli tupu: "Toleo nililolijaribu mimi ni salama, mzazi. Haya yanayokuja, sijui nani anayajaribu." Sema kwa upole, ila bosi akusikie. Atakurudisha kwenye kiti chako kabla chai yake haijapoa.