Tarehe ya Rekodi ya Jalal

Nakuru, 19 Machi 2008

Wifi yangu Nuria,

Salamu kwako na watoto. Huku mvua imeanza, na bei ya sukari imepanda tena.

Wiki hii Kirit, mwenye saibakafe, alinipa kazi ya kupanga upya programu inayonasa mawasiliano ya mtandao wetu na kuyaweka kwenye faili. "Sumeya, hapa kila aliyeiandika programu alijipikia kwa sufuria yake," akasema. "Kusoma na kuandika rekodi, weka jiko moja."

Nilipoweka, nikaona kosa. Programu ya zamani ikishindwa kusoma tarehe ya rekodi, iliweka siku ambayo faili ilinakiliwa. Faili za tawi letu la Molo tulizinakili tarehe tatu Januari.

Ni mimi niliyekupigia simu nikisema kaka yangu Jalal alifungua barua pepe yake Molo tarehe tatu, kwa hivyo yu hai. Nimeisoma rekodi mara nne, Nuria. Ni ya tarehe ishirini na nane Desemba, akielekea Keringet, kabla nyumba za huko hazijachomwa kwenye ghasia za uchaguzi. Baada ya hapo hakuna yake nyingine.

Watoto utawaambia mwenyewe, au nije tuwaambie pamoja?

Wifi yako,
Sumeya