Kopo la Maziwa na Dada Yangu wa Kitangari

Alhamisi, Newala. Ukungu umeng'ang'ania mpaka saa nne asubuhi, na mimi nimenuna kuliko huo ukungu.

Leo nimesalitiwa ndani ya nyumba yangu, na watu wanaokula ugali wangu.

Binti yangu Zuhura amejifungua, yuko kwangu. Mtoto amepewa jina la marehemu mke wangu, Somoe, kwa hiyo huyo ni mke wangu, hana ujanja. Namtania kutwa: mke gani huyu, hana jino hata moja na bado ananidharau. Kumlea mzazi amekuja dada yangu mkubwa, Bi Fatu, kutoka Kitangari. Chumba cha mzazi ni himaya yake. Mimi mwanaume naishia mlangoni.

Tatizo ni uzito. Mtoto ananyonya lakini mzani haupandi. Nesi wa kliniki alituambia wote watatu, kwa Kiswahili ambacho hata mimi wa darasa la nne nilikielewa: anyonye kwanza matiti yote mawili, kisha aongezewe maziwa ya kopo kwa kikombe kidogo, na Zuhura aendelee kukamua maziwa yasije yakakauka. Asipoongezeka mpaka Ijumaa, huenda akalazwa.

Kopo nililifuata Masasi. Kila jioni nikawa nasimama mlangoni nauliza, mke wangu amekunywa? Zuhura anajibu, "Amekunywa, Baba, ameshiba." Naondoka nimevimba kichwa. Kijiweni nikawatangazia wazee wenzangu kwamba mke wangu ananenepa, wao wabaki na vikongwe vyao.

Leo nikiwa napulizia mikorosho dawa ya salfa, pampu ikaishiwa mafuta, nikarudi mapema. Nikamkuta dada jikoni, kopo liko wazi, anamimina maziwa ya mtoto kwenye uji wa Zuhura. Kijiko kingine akakitia kwenye chai yangu.

Chai ambayo tangu Jumapili naisifu.

Nikamuuliza, na mtoto anapewa nini? Hakupepesa hata jicho. "Baba Zuhura, maziwa yakiingia kwa mama, yatatokea kwa mtoto. Ukimzoesha kikombe atalikataa titi, halafu mtaa mzima useme binti yako hana maziwa. Mbona chai ulikunywa hukuuliza?"

Nikalichukua kopo mkononi mwake.

Dada simlaumu sana. Mzazi lazima ale, hapo hakukosea. Ila mtoto mwenye njaa hawezi kungoja maziwa yazunguke kote huko. Aliyenichoma ni Zuhura. Alimsikia nesi kwa masikio yake. Anamwogopa shangazi yake, sawa, hata mbuzi wa Kitangari wanamwogopa. Lakini mimi alinitazama usoni akasema mtoto ameshiba, na mtoto ana njaa mapajani mwake.

Nilipomuuliza kwa nini, alilia. "Ungeenda kusema kijiweni, Baba, kwamba maziwa yangu hayatoshi."

Hilo nalo limenichoma, kwa sababu ningesema.

Nikaingia chumbani. Dada akafoka kwamba mwanaume haingii kwa mzazi. Nikamwambia, "Naingia kwa mke wangu, wifi yako huyo, tupishe." Zuhura akamnyonyesha pande zote mbili. Kisha nikasoma maelezo ya kopo kwa sauti, neno kwa neno, naye akachemsha maji na kuchanganya kama nilivyosoma. Akamnywesha taratibu kwa kikombe. Mtoto akamaliza, akawa bado anatafuta kwa mdomo, huku na huku, bila kulia. Nadhani alishachoka kulia.

Nimezika watu wengi, ila hilo sijawahi kuliona.

Dada amefunga mizigo yake, kisha ameifungua, sasa anafagia ua kwa hasira. Mwache afagie.

Najua uzito haupandi kwa siku moja. Wakimlaza, tutalala huko huko. Kesho kliniki nitambeba mwenyewe, na nesi akiuliza mtoto anakula nini, nitajibu mimi, ukweli wote. Zuhura nimemwambia akae kimya. Ameinamisha kichwa.

Tangu azaliwe sijawahi kumziba mdomo. Siku nitakayomruhusu aongee tena, nitamsadiki?