Chumvi ya Ngazi ya Khatib

We Nadra, mume wangu Khatib leo kanitia wazimu!

Kaletewa lori zima la mchanga wa kujengea ngazi. Dereva anaapa, "Wallahi huu wa shimoni." Khatib kaamini! Kaamini, Nadra!

Zege limekwisha kumwagwa ngazi nzima, ndipo mama yake akachota mchanga uliobaki, akautia ulimini. Akatema.

"Khatib, huu wa pwani! Chumvi tupu! Nondo zitaliwa na kutu!"

Khatib kampigia dereva. Unajua kajibiwa nini? "Kwani hukuuonja kabla sijamwaga?"

Hukuuonja! Eti hukuuonja!

Saa hizi mama yake kamletea wali na mchuzi. Khatib kaonja, eti mchuzi hauna chumvi.

Mama kamwonesha ngazi: "Basi kalambe ile."