Kwa Mwalimu Breki, Tuliyemficha Wodini

Mwaka umetimia, Baba, tangu ututoke, na leo tunakuandikia tukiwa tumeinamisha nyuso.

Watu walikuita Mwalimu Breki. Uliwafundisha udereva watu wazima waliotetemeka hata kuwasha gari, nawe pembeni, mguu juu ya breki yako ya ziada, ukiwatania: "Taratibu, mama, huo ukuta haukimbii." Hukumfokea mtu. Aliyefeli mtihani ulimrudisha garini siku ileile, kabla woga haujamkaa moyoni.

Saratani ya damu iliporudi mara ya pili na dawa zote zikashindwa, daktari alikueleza kuhusu dawa mpya iliyokuwa ndiyo kwanza inajaribiwa kwa watu. Hakukuficha: walikuwa bado wanatafuta kiasi ambacho mwili unaweza kukistahimili, na kupona hakuahidi. Shangazi akalia, "Mdogo wangu, wanakufanya panya!" Ukacheka. "Dada, hii dawa ni mwanafunzi. Lazima mtu akubali kukaa nayo kiti cha pembeni."

Wewe hukuona aibu. Sisi ndio tulioona. Tuliogopa watu waseme tumekutoa ujaribiwe kama panya, tukawaambia majirani na wanafunzi wako kwamba umesafiri kikazi. Hata simu yako tuliishika sisi.

Kila jioni ulitazama mlango wa wodi ukauliza, "Hakuna aliyeniulizia?" Tukakujibu, "Watu wana shughuli, Baba." Ukasema, "Ni kweli, maisha yenyewe haya," ukageukia ukutani. Muuguzi alituangalia tu, akaendelea kubadilisha dripu.

Siku ya mazishi walifurika hadi barabarani. Yule mama muuza vitambaa, aliyefeli mara nne nawe hukumchoka, alituuliza mbele za watu, "Mbona hamkutuambia? Ningekuja japo kumkanda miguu." Tulikosa pa kuficha nyuso. Maji yakimwagika hayazoleki.

Daktari anasema waliyojifunza kwako yamewasaidia kuwapimia dawa wagonjwa waliokufuata. Watu wanatupongeza kwa ujasiri wako, na pongezi hizo zinatuchoma.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako, na wanafunzi wako, ambao leo tunawaomba radhi hadharani. Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu.

Na lile tulilopaswa kukwambia pale kitandani, tunakwambia sasa: walikuulizia, Baba. Kila siku walikuulizia.