Mizinga Mitupu ya Ipole

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Ipole, kusini mwa Tabora, jua likiwaka kweli kweli. Nimetumwa kuufunga mradi wetu wa ufugaji nyuki. Kwenye karatasi umekamilika: mizinga yote imegawiwa, tena kwa wakati. Leo mfugaji mmoja, Bi Kalunde, amenipeleka msituni akanifunulia mzinga wake. Mtupu. Wa jirani yake nao, mtupu.

"Tuliwaambia wenzako huku hakuna maji, nyuki hawatakaa," akasema taratibu. "Wakatujibu mpango umeshapitishwa."

Mpango ule niliupitisha mimi, Mama, nikiwa ofisini. Nikamwambia hivyo. Akanikaribisha kwake, tukala ugali na mlenda wa karanga.

Sikutia saini ya kufunga mradi. Nimeandika kwamba tuligawa mizinga lakini asali haikupatikana, na kwamba kosa ni langu. Kesho wafugaji wenyewe watanionyesha penye maji, tuihamishie mizinga huko.

Uniombee, nami nayaombea magoti yako yanayokuuma. Wakiniachisha kazi, nitarudi nyumbani nikiwa na uso wa kukutazama.

Mwanao,
Neema