Usiwakusanye Kanisani, Papa

Papa, baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku Lewisham, London. Mwili wangu mzima, moyo ndio haujatulia. Goti la mama mdogo linaendeleaje? Leo siku ya tisa simu zenu hazipatikani, ndiyo maana nimeandika, ili Mama Furaha wa kanisa ninalosali huku, anayekuja huko kumzika kaka yake, akupe barua hii mkononi. Naomba afike kabla zile ndege za mabomu zinazotajwa kwenye habari za huko hazijarudi.

Kazini kwetu, kwenye nyumba ya wazee, Alhamisi mchana huwa tunawawekea filamu. Safari hii ilikuwa ya vita vya zamani. Rubani wa ndege za mabomu aliandika mwenyewe aliyoyafanya, kisha yakatengenezewa filamu. Mimi nilikuwa namlisha bibi mmoja uji, nikijisemea mambo ya Wazungu hayanihusu. Mara yule rubani akaeleza kwamba ukiwa juu, watu huwaoni kabisa. Unatafuta paa kubwa linalong'aa. Ukishaliona, kazi imekwisha.

Kijiko kikaniponyoka. Dada Riziki, Mkongomani mwenzangu ninayefanya naye zamu, anayeniheshimu kama dada yake mkubwa, akaninong'oneza, "Yaya, uko unalia juu ya nini? Ile ni sinema tu."

"Hapana," nikamwambia. "Ile ni kanisa yetu."

Papa, nakujua. Wewe mzee wa kanisa, ukisikia hatari unaligonga lile rimu la gari mnalolitumia kama kengele, na mlima mzima unakimbilia kanisani. Ndivyo mlivyofanya tangu nikiwa mtoto, watu wa bunduki walipokuja kwa miguu, na kweli hawakuthubutu kuvuka ule mlango. Lakini aliye juu haoni mlango wala msalaba. Anaona bati. Na ni mimi niliyetuma pesa za bati hilo, nikang'ang'ania lisipakwe rangi, eti ling'ae hadi mlima wa ng'ambo! Picha yake niliitembeza kazini kwa majivuno. Sasa siwezi hata kuitazama.

Tafadhali, bati hilo lipakeni tope. Mvua ikiliosha, pakeni tena. Rimu lisigongwe. Kila nyumba ikimbilie migombani kivyake, wachache wachache, na mama mdogo abebwe. Najua utasema nimekuwa Mzungu, nimeisahau nyumba ya Mungu. Kasirika, Papa, lakini kasirika ukiwa hai.

Nisalimie mama mdogo, na kaka yangu Bahati, fundi aliyeliezeka paa, mwambie simlaumu. Msalimie pia Shangazi Zawadi, kiongozi wa kwaya, na waimbaji wake wote. Hao ndio hukaa katikati kabisa ya kanisa, nami usiku nawahesabu mmoja mmoja.

Tangu nizaliwe sijakukatalia neno. Leo nakukatalia. Kama ni dhambi kuwatawanya watu wa Mungu, mwambie Mungu ni mimi niliyewatawanya.

Binti yako,
Neema