Damu Iliyochukuliwa Mapema

Mwanza, Jumatano usiku

Mumiani! Mimi, mpima damu wa hospitali, nimeitwa mumiani mbele ya wodi nzima.

Lameki, mkulima wa mpunga wa Misungwi, majibu yake yamesema hana homa ya panya. Na macho yake ni ya manjano! Homa ikiwa changa, wadudu hutafutwa kwenye damu kwa darubini; kipimo cha kinga husubiri wiki ya pili, mwili ukishazitengeneza. Sisi tulipima kinga siku ileile alipolazwa, homa ikiwa bado changa.

Leo nimerudi na sindano. Mkewe akanizuia.

“Damu ya kwanza mliipeleka wapi?”

“Ile tuliichukua mapema mno, mama.”

“Sasa mliichukua ya nini?”

Jioni ndugu zake wamempakia kwenye lori la pamba, wamerudi naye kwao. Kwa majibu yetu, ni mzima.